Mwende na Unga wa Ngano

Tangu nistaafu, wauguzi wapya wameniuliza swali moja kuliko maswali mengine yote: mtoto mwenye mzio wa ngano ataachana nao lini? Jibu fupi ni kwamba wengi huacha kadiri wanavyokua, wengine hawaachi, na hakuna anayejua mapema huyu aliye mbele yako ni wa kundi gani. Jibu refu ni Mwende, na ndilo ninaloliandika hapa kwa ajili yenu mliobaki wadini.

Vyeo vyangu nitavipita. Barua za kupandishwa cheo ziko kwenye faili, faili iko chini ya kitanda, na panya wanazifahamu kuliko mimi.

Nilianza kazi katika zahanati ndogo upande wa Kithyoko, kule chini kuelekea Mto Tana. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kimekwama kwenye alama ya juu, na zilipita wiki kadhaa kabla mtu hajagundua kwamba kimeharibika. Aliyenipokea ni Sista Mumbua, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani kwa pini, ikining'inia kichwa chini ili yeye mwenyewe aisome. Hakunionyesha ofisi wala kitabu cha mahudhurio. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwenye trei ya dharura.

"Hii ndiyo bosi wako," akaniambia. "Mimi ni msaidizi tu."

Juu ya trei kulikuwa na sirinji, mipira ya kufungia mkono, na kiboksi cha karatasi ngumu kilichofunikwa kitambaa cheusi. Ndani ya kiboksi mlikuwa na vichupa vya adrenalini. Kila Jumatatu asubuhi Sista Mumbua alikuwa akivitoa kimoja kimoja na kuvielekeza dirishani. Dawa nzima ni safi kama maji ya mvua. Ikianza kuwa na rangi ya chai, alisema, itupe, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake inakuapia mbingu na ardhi.

Siku hiyohiyo ya kwanza, kabla ya saa sita, walikuja watu watatu juu ya pikipiki moja. Aliyekaa katikati, akishikiliwa asianguke, alikuwa mzee mrina asali aliyeumwa na nyuki wake. Uso wake ulikuwa umefura mpaka macho hayaonekani. Alijaribu kusema, sauti ikatoka kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Mimi nilianza kutafuta kadi yake niandike jina. Sista Mumbua alikuwa tayari amemdunga paja, juu ya suruali, bila kumvua chochote.

Tulisubiri. Nilisikia pumzi ya yule mzee ikivutwa kwa shida, ikivutwa tena, halafu taratibu ikaanza kupata njia. Jicho moja likafunguka kidogo. Akatutazama, akageuka kwa aliyemleta, akauliza:

"Asali umeacha na nani?"

Nilicheka. Sikuwa nimewahi kuona mtu akienda mbali namna ile na kurudi kwa muda mfupi namna ile. Sista Mumbua hakucheka. Alinieleza kwamba sumu ya nyuki ilikuwa kidogo tu, na kwamba kilichokaribia kumuua mzee ni mwili wake wenyewe, ulioona adui mdogo ukaita jeshi zima. "Na ukiona hivi, usizoee," akaniambia. "Siku utakayozoea, acha kazi."

Niliyakumbuka maneno yake miaka mingi baadaye, nilipohamishiwa kituo cha afya pembezoni mwa Matuu, ambacho jina lake nitaliacha. Pale karibu na kituo cha magari alikuwapo mama mmoja aitwaye Ndunge, akikaanga mandazi tangu alfajiri. Walikuja kwake makondakta, walimu, wachuuzi wa maembe wanaopakia mzigo wa Thika, na sisi wauguzi tulioondoka nyumbani bila kunywa chai. Mandazi yake yalikuwa mepesi, yenye harufu ya iliki, na ukichelewa unakuta karai limeshafunikwa.

Ndunge alikuwa na mtoto mmoja, msichana, Mwende. Alimbeba mgongoni akikanda unga, na mtoto alikuwa na mafua yasiyoisha. Siku moja, Mwende akiwa hajatimiza mwaka, Ndunge alimleta kwangu. Mdomo wa mtoto ulikuwa na mabaka mekundu yaliyoinuka, na mengine shingoni.

"Sista, nimempea tu kipande ya mandazi, nikaichovya kwa chai," alisema. "Sai angalia."

Niliangalia, lakini kwa haraka, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watoto wenye homa. Nikamwambia ni joto, na pengine mafuta ya kukaangia yamerudiwa mara nyingi. Nikampa dawa ya mwasho, mabaka yakaisha, mtoto akaenda. Kwenye kadi niliandika neno moja: joto. Ninaliandika tena hapa ili nanyi mlione. Mama alikuwa amenipa jibu mkononi, kipande cha mandazi, nami nikalitupa.

Zilipita wiki chache. Ilikuwa siku ya mapumziko, jua la saa tisa, na foleni ilikuwa imepungua. Nilisikia mwanamke akipiga mayowe nje ya lango. Alikuwa mama mzaa baba wa Mwende, tuliyezoea kumwita Susu, ndiyo kusema nyanya kwa Kikamba. Alikuwa amembeba mtoto mbele, mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba sinia. Ndunge alikuja nyuma yake bila viatu.

"Nimempea chapati tu!" Susu alikuwa akilia. "Chapati laini! Nilimtafunia kidogo! Ngai, Mungu wangu, nimeua mtoto!"

Midomo ya Mwende ilikuwa imefura na kuanza kuwa na rangi ya zambarau. Kifua kilipiga filimbi, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta hewa, halafu filimbi ikaanza kupungua. Wenzangu, kifua kinachoacha kupiga filimbi wakati mtoto analegea si dalili ya nafuu. Ni hewa inayoisha. Nilikata kichupa, nikavuta dawa kwa kipimo cha uzito wake, nikamdunga paja.  

Nilimlaza, nikamwekea oksijeni, nikahesabu pumzi zake. Ndunge alikuwa amepiga magoti akishika unyayo wa mtoto. Ikapita dakika moja iliyokuwa ndefu kuliko shifti nzima. Kisha filimbi ikarudi, na safari hii niliifurahia. Midomo ikabadilika rangi, kutoka zambarau ikaenda kijivu, kutoka kijivu ikaenda waridi, mbele ya macho yetu, kama mtu anapanguza kioo. Mwende akakohoa, akalia. Alilia kwa hasira kubwa, na hakuna wimbo wa kanisani nilioupenda kama kile kilio.

Alipotulia, nilimwambia Ndunge ukweli: kwamba nilimwambia vibaya mara ya kwanza.  Hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa ni nini, Sista?"

Sikuwa na vipimo pale kituoni. Nilichokuwa nacho ni njia ya Sista Mumbua ya kumuuliza mama na kumwacha amalize kusema. Nilimwambia Ndunge aandike kila kitu ambacho mtoto anakula, saa gani, na kinachotokea. Hakuwa na daftari. Baada ya siku kumi na nne akaniletea pakiti tupu ya unga, ameipasua akaikunjua, ndani ameandika kwa kalamu kwa herufi kubwa. Uji wa wimbi, sawa. Ndizi, sawa. Ndengu, sawa. Mtoto wa jirani alimpa biskuti, mabaka. Mama anachekecha unga, mafua. Mama anachekecha unga, mafua na macho. Maharagwe, sawa.

Niliisoma, nikaigeuza, nikaona picha ya ngano iliyochapishwa upande wa pili. Ndunge naye aliiona.

"Sista," alisema polepole, "unaniambia mtoto yangu anakataa kazi yangu?"

 Hilo ndilo nililokuwa ninamwambia.

Tulimwandikia barua ya kwenda Machakos mjini, ambako daktari wa watoto alikuja mara moja kwa mwezi kuona watoto wenye mizio. Nitamwita Daktari Wambua. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapotaka kusema kitu kigumu. Niliomba ruhusa nikawasindikiza, kwa sababu nilitaka kujifunza na pia kwa sababu nilikuwa na deni la moyoni. Alidondosha matone madogo ya dawa kwenye mkono wa mtoto, moja la maziwa, moja la yai, moja la karanga, moja la ngano, kisha akachoma ngozi kidogo sana chini ya kila tone. Tulisubiri robo saa. Mahali pa ngano palivimba, pakawa na kivimbe cheupe chenye duara jekundu. Daktari alikipima kwa rula ndogo ya plastiki na kuandika namba. Mimi katika kitabu changu niliandika ukubwa wake: punje ya hindi.

"Ataacha?" Ndunge aliuliza.

Daktari akavua miwani. "Mama, watoto wengi wenye aleji ya ngano huacha wakikua. Wengine wakiingia shule, wengine wakiwa wakubwa kidogo. Wengine hawaachi."

"Na wangu?"

"Sijui. Hakuna dawa ya kuharakisha. Tutampima kila mwaka, na wewe utamlinda. Na usimjaribishe nyumbani, hata kidogo."

Ndunge alirudi Matuu, na Jumatatu iliyofuata karai la mandazi halikuwashwa. Watu walilalamika, mimi nikiwa mmoja wao kimoyomoyo. Alianza kuuza mihogo ya kuchemsha na viazi vitamu, baadaye muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Alijaribu pia viazi karai, mpaka nilipomkumbusha kwamba ule ungaunga wa nje ni ngano ileile. Alikasirika, ila hakunikasirikia mimi. "Hii kitu imejificha kila mahali," alisema. Ni kweli. Tuliikuta kwenye soseji, tukaikuta kwenye supu ya pakiti, na mara moja kwenye mkono wa mjomba aliyekuwa ametoka kula keki ya harusi akamshika mtoto shavu.

Aliyebadilika kuliko wote ni Susu. Yule bibi, aliyeamini kwamba kila ugonjwa unatokana na njaa au wivu, akawa askari. Kwenye harusi na matanga alitangulia mbele ya Mwende akitangaza kwa sauti: "Huyu mtoto hapewi chapati! Hapewi keki! Mtu akimpea, mimi na yeye tutajuana!" Watu walimcheka. Yeye hakujali. Alikuwa amembeba yule mtoto akilegea mikononi mwake, na hao waliocheka hawakuwa wamembeba. Shuleni, Ndunge alimfundisha mwalimu wa darasa kutambua dalili, na mimi nikaenda mara mbili kuonyesha mahali pa kudunga. Mwende mwenyewe, akiwa na miaka mitano, alikuwa akiuliza kabla ya kupokea chochote: "Iko na ngano?" Aliuliza hata alipopewa penseli.

Kila mwaka tulikwenda Machakos. Mwaka wa kwanza na wa pili kivimbe hakikubadilika. Mwaka wa tatu daktari aliweka rula, akaiondoa, akaiweka tena. Niliandika: punje ndogo ya hindi, ya kwenye ncha ya gunzi. Mwaka uliofuata: ndengu. Nilimtazama yule mtoto akikuna mkono na kuangalia dirishani, na nikajiuliza ni nani aliyekuwa akifanya kazi ile. Hakuna aliyempa tembe. Hakuna aliyemdunga. Alikuwa akicheza, akilala, akipigana na binamu zake, na huku ndani yake, mahali tusipopaona, jeshi lilikuwa likirudi kambini askari mmoja mmoja. Nimeona operesheni nyingi zilizofaulu. Hakuna iliyoninyamazisha kama rula ile ya plastiki.

Lakini lazima niseme na hili, kwa sababu mtasikia hadithi ya Mwende mkawaahidi wazazi. Katika miaka ileile tulikuwa na mtoto mwingine, Kyalo, wa kule Kithimani. Mzio uleule, umri uleule, mama mwangalifu vilevile. Kivimbe chake hakikupungua hata mwaka mmoja. Sasa ni mwanafunzi wa sekondari, anatembea na dawa yake kwenye begi, na hagusi ngano. Mama yake aliniuliza amekosea wapi. Nilimwambia hakukosea popote, na Ndunge hakufanya chochote ambacho yeye hakukifanya. Hayo ndiyo magumu ya kazi hii: unasimama mbele ya akina mama wawili wenye bidii sawa, na unachowaambia si sawa.

Mwende alipofika miaka minane, aliingia darasa la komunyo ya kwanza. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuwahi kufikiria jambo moja. Hostia, ule mkate wa komunyo, ni ngano.

Susu ndiye aliyegundua. Alikuja kituoni siku ya kliniki, akapita foleni nzima kama kawaida yake, akasimama mbele ya meza yangu.

"Sista, mwili wa Bwana ni unga ya nini?"

Nilipomjibu, alikaa chini kwenye sakafu.

Padre alikuwa mwelewa. Alisema Mwende anaweza kupokea kutoka kwenye kikombe tu, divai kidogo, na kwamba hapungukiwi chochote mbele ya Mungu. Ndunge alikubali, Susu akakubali baada ya kuuliza mara tatu. Ila Mwende alikataa.

"Wenzangu wote watapewa hostia, mimi nipewe kikombe peke yangu kama mgonjwa?" aliniambia. Alikuwa amekuja na mama yake, amevaa sare ya shule, soksi moja imeshuka. "Sista, si mkono wangu ni mzuri siku hizi? Si mlisema imekuwa ndogo?"

"Imekuwa ndogo, lakini mkono si tumbo," nilimjibu.

"Basi mpime tumbo."

Nilimpigia daktari simu. Alituambia tuje kwa kipimo cha ngozi kwanza. Safari hiyo alichoma, akasubiri, akaweka rula. Palikuwa na wekundu na kitu kidogo sana katikati. Niliandika: mtama. Daktari akavua miwani.

"Tunaweza kumjaribu," akasema. "Hapa wadini, asubuhi, dawa ikiwa tayari. Anaweza kufaulu. Anaweza pia kupata shambulio mbele yetu. Mama, wewe ndiye unaamua."

 Najua alichokuwa akikiona Ndunge, kwa maana mimi pia nilikuwa nakiona: midomo ya zambarau. Akamgeukia Mwende. "Unaogopa?"

"Ndiyo," Mwende alisema. "Lakini nataka."

Siku chache kabla ya kipimo tulimwachisha dawa zozote za mwasho, ili zisije zikaficha dalili. Msisahau hilo. Alikuwa mzima, hana mafua, kifua safi. Angekuwa na kikohozi kidogo tu tungeahirisha. Daktari alisema tulete chapati ya nyumbani, ya unga, maji, chumvi na mafuta, bila yai wala maziwa. Ndunge alisema ataipika yeye. Alikwenda nyumba ya dada yake akaipika huko, mbali na mtoto. Hakuwa ameshika unga huo kwa zaidi ya miaka saba. Aliniambia baadaye kwamba alipoanza kukanda alidhani amesahau, na mikono ikaendelea yenyewe.

Tulianza saa mbili unusu asubuhi. Nilimwekea Mwende sindano ya mpira mkononi, ili tukihitaji mshipa uwe tayari. Nikapima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Nikavuta adrenalini kwenye sirinji, nikaiandika kwa mkanda, nikaiweka juu ya trei karibu na mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeshaiangalia dirishani. Ilikuwa safi kama maji.

Daktari alikata kipande kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Mwende akakiweka kwenye ulimi, akakimeza. Susu, aliyekuwa ameapa kutokuja na akaja, aligeukia ukuta akaanza rozari.

Tulisubiri dakika ishirini. Hakuna kitu. Kipande cha pili, mara mbili ya kile cha kwanza. Tukasubiri. Nilimfunua tumbo, mgongo, nyuma ya masikio. Ngozi safi. Kipande cha tatu. Mwende alikitafuna, akameza, na akakohoa.

Chumba kizima kilisimama. Akakohoa tena, kwa nguvu, macho yakimtoka machozi. Rozari ilinyamaza. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika sirinji. Daktari aliweka stetoskopu kifuani mwa mtoto, akainua kidole kimoja kunionyesha ningoje. Nilingoja. Ndunge alikuwa amenishika kiwiko, na alama ya kucha zake niliibeba kwa siku mbili.

"Kifua iko wazi," daktari akasema.

Mwende akapangusa pua. "Nilipaliwa," akasema kwa aibu. "Nilikuwa nataka kumeza haraka."

Daktari aliongeza muda wa kusubiri, akasikiliza kifua mara nne. Kisha tukaendelea. Kipande cha nne kilikuwa ukubwa wa ukucha, cha tano kama kifuniko cha soda. Kufikia saa sita, Mwende alikuwa ameshikilia robo nzima ya chapati kwa mikono miwili na kuila bila kuombwa, na mafuta yaking'aa kidevuni. Midomo ilikuwa waridi, pumzi ishirini kwa dakika. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, nikarudia tena. Zilikuwa ishirini.

"Iko aje?" mama yake alimuuliza kwa sauti ya chini.

Mwende alifikiri. "Ni sawa tu. Nilidhani itakuwa tamu zaidi."

Tulimweka chini ya uangalizi mpaka saa tisa. Alilala kidogo, akaamka, akataka kwenda kucheza. Daktari alimkagua mara ya mwisho toka kichwani hadi vidoleni, kisha akamweleza Ndunge kwamba mtoto amefaulu, na kwamba sasa inafaa ale ngano mara kwa mara kila wiki, ili mwili usiisahau. Ndunge alikuwa akiitikia kwa kichwa kama anaelewa, lakini nilijua hasikii neno. Mwishowe akauliza:

"Daktari, ni nani amemponya?"

Daktari akavua miwani, akaisugua kwa koti kwa muda mrefu. "Ningependa sana kusema ni mimi," akasema. "Mimi nilipima tu."

Ndunge akanigeukia. Nikamwambia mimi nilisubiri tu. Basi akamtazama mtoto wake, aliyekuwa akivuta soksi yake juu, akamtazama namna watu wanavyotazama mto uliokuwa mkavu jana.

Jumapili ya komunyo walinialika. Kanisa lilijaa mpaka nje, wasichana wamevaa nguo nyeupe, wavulana kola zinawabana. Nilikaa nyuma ya Ndunge na Susu. Mwende alipofika mbele, padre alisita kidogo, akamtazama Ndunge kwa mbali, na Ndunge akaitikia kwa kichwa. Mwende akafungua mdomo. Kilikuwa kitu chembamba kuliko karatasi. Akafumba mdomo, akafanya ishara ya msalaba, akarudi akitembea taratibu kama alivyofundishwa.

Susu hakusubiri afike kwenye kiti. Alitoka katikati ya benchi, akamfuata, akamshika kidevu hapohapo kati ya safu za viti.

"Fungua," alinong'ona, na kunong'ona kwa Susu kunasikika mpaka sakristia nyuma ya altare.

Mwende alifungua mdomo. Susu akainama akachungulia ndani, upande huu na upande ule.

"Imeenda?"

"Imeenda, Susu."

"Haikuwashi?"

"Hainiwashi."

Yule bibi akasimama wima, akafungua mikono yake miwili mbele yake na kuitazama. Kisha akaketi chini, palepale njiani, mstari wote wa watoto wa komunyo ukasimama nyuma yake, akalia kwa sauti kama siku ile langoni. Padre alishusha mkono akangoja. Kwaya ilinyamaza. Hakuna mtu hata mmoja kanisani aliyemwambia ainuke.